Kopeki Kumi na Tano za Eliufoo

Waombolezaji wapendwa, anayewasomea ni Godlove, mdogo wake marehemu, na wengi wenu mnamjua kwa lile la Jumapili ya Pentekoste, tarehe 9 Juni 2019, alipoazima koti la kaka yake kwenda kanisani, akachomoa sarafu mfukoni na kuitumbukiza kwenye kapu la sadaka akijiona mkarimu, kumbe ni sarafu ya Urusi. Mhasibu wa usharika, asijue aifanyie nini, aliifunga kwenye mkungu wa ndizi, ikapigwa mnada baada ya ibada, ikaondoka na mgeni aliyewahi basi la mchana. Mvumilieni, familia imekosa msomaji mwingine.

Marehemu Eliufoo alizaliwa tarehe 3 Februari 1952, Mbokomu, mtoto wa kwanza wa mzee Filemon na mama Hellen, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, akamaliza sekondari mwaka 1972, na mwaka 1974 akaenda Voronezh, Urusi, kusomea umwagiliaji, akarudi mwaka 1979 na shahada, koti zito, na sarafu mbili zenye mwaka wake wa kuzaliwa, akiapa kuzitimiza aina zote saba za kopeki, zile senti za Kirusi, zilizotolewa mwaka huo.

Alifanya kazi kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini kuanzia 1980 hadi alipostaafu mwaka 2012. Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na Elisifa, wakajaliwa Tabitha, mwaka 1982, na Davis, mwaka 1985, ambaye ni mwongoza watalii mlimani.

Baada ya kustaafu alianza msako, akapekua mifuko ya makoti ya mitumba Kiboriloni hadi wauzaji wakamwita Mzee Mifuko, akamtuma Davis awaulize wageni wa Kirusi, na sharti lake lilikuwa moja, sarafu isizidi bei ya trei ya mayai. Ya saba, ya kopeki kumi na tano, aliipata Jumamosi, tarehe 8 Juni 2019, na kesho yake mnajua ilikokwenda. Hakugomba, alisema tu, “Bwana ameshapokea, sasa na wewe utatafuta.”

Godlove alitafuta. Mwaka 2023 kaka alianza kuugua figo, na Februari mwaka huu wa 2025 mgeni mmoja wa Davis alikuwa na nyingine kama ile ya saba, bei ikawa kubwa, Godlove akauza ndama kuilipia, akaikimbiza hospitalini. Kaka aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akatabasamu, akauliza bei.

“Ndama, kaka.”

“Ndama mzima? Rudisha.”

Lakini yule mgeni alikuwa ameshapanda ndege. Kaka aliaga dunia Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, sarafu zake, kwa hesabu yake mwenyewe, zikiwa bado sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa Mabogini, majirani mliokata ndizi na kuleta maziwa tangu siku ya kwanza, na wauza makoti wa Kiboriloni waliofunga vibanda kuja kumsindikiza hapa kihambani kwake, kwenye migomba ya ukoo.

Kaka, pumzika kwa amani, umetafuta vya kutosha. Historia hii ilikuwa iishie kwa Godlove kuomba ruhusa ya kuiweka ile ya saba jenezani, ila jana alipomsomea shemeji yake Elisifa mstari huo, mama huyu hakuinua hata kichwa.

“Alikukatalia akiwa macho, shemeji. Usimvizie amefumba.”