Mama Hodi na Somo la Wanyonya Damu

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkewe. Mkunga alichelewa. Aliyempokea ni dada yake mkubwa, na tangu siku hiyo dada alijiona ana haki ya kuingia kwa mdogo wake saa yoyote bila kubisha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza sekondari mwaka 1975. Alipenda kusoma hadithi, lakini nyumbani ilitakiwa kazi ya haraka. Akaenda chuo cha maabara, akahitimu mwaka 1978.

Mwaka huohuo aliajiriwa hospitali kuu, chumba cha kutolea damu. Chumba kilikuwa na dirisha moja, viti viwili na meza ya chuma. Alikaa humo miaka thelathini na tisa. Kabla ya kuchoma sindano alikuwa akigonga mkono wa mgonjwa kwa vidole viwili, anasema, "Hodi." Akishajibiwa "karibu" ndipo anachoma. Siku moja mtoto alikataa kujibu, foleni ikafika nje, baba mtu akaja juu. Marehemu akamwambia, "Subiri, baba. Mwenye nyumba hajajibu." Mtoto akacheka, akakaribisha. Ndiyo asili ya jina la Mama Hodi.

Mumewe ni seremala. Alimkuta mwaka 1980, alipoitwa kurekebisha mlango wa chumba hicho uliokuwa unaburuza chini. Aliurekebisha, akarudi kuuangalia, akarudi tena.

"Fundi gani anatengeneza mlango mmoja mara tatu?" marehemu aliuliza.

"Ambaye hajaambiwa karibu," alijibu fundi.

Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1981. Mungu aliwajalia mabinti wawili na mwana mmoja.

Alistaafu mwaka 2017. Mwaka 2022 alijiandikisha chuo kusoma fasihi, akiwa na miaka sitini na mitano. Wanafunzi wenzake walimwita Bibi. Mwaka uliofuata akachagua somo la hadithi za wanyonya damu, wale wafu wa vitabuni wanaoamka kaburini kutafuta shingo za watu. Mwanawe alimtania, "Mama, miaka yote ile unawatoa watu damu, hujashiba?"

"Nilikuwa natoa, mwanangu. Sikuonja."

Dada yake hakulipenda somo hilo. Alisema, "Umri huu wenzako wanasoma vitabu vya dini, wewe unasoma mazimwi."

"Dada, zimwi hili halivuki kizingiti mpaka likaribishwe. Wewe je?"

Kazi yake ya kwanza ilirudi na alama za chini kuliko za darasa zima. Alikuwa ameandika kwamba damu ikishatoka huganda upesi, na kwamba mtu akinywa kiasi kile cha vitabuni atatapika. Mhadhiri aliandika chini: "Damu umeipima vizuri. Hadithi hujaigusa." Wiki hiyohiyo daktari alimwambia figo zimechoka. Marehemu alitundika mkoba wa shule nyuma ya mlango, akasema basi. Nguvu zilizobaki asizimalizie mahali asipopaweza.

Mumewe hakukaa darasani, na si mtu wa maneno. Alimwambia tu, "Basi nisomee mimi."

Akawa anamsomea karakana, mchana, mume akipiga randa. Wakafika mahali ambapo mgeni amesimama nje, binti yuko ndani, na mgeni hawezi kuingia mpaka aambiwe karibu. Mume akaweka randa chini.

"Mwambie asimkaribishe."

"Kitabu kimeshachapishwa, mume wangu."

"Mwambie hivyohivyo."

Marehemu alimtazama, akafunga kitabu. Alisema, "Kumbe hapa. Mimi nilikuwa naangalia shingo, wewe unaangalia mlango." Akautungua mkoba.

Kazi ya pili aliiandika kitandani hospitali, akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Ile mashine aliisifu. Alisema ina adabu kuliko yule wa kitabuni, inachukua na kurudisha. Kuna siku alilala kalamu mkononi, na kuna siku hakuweza hata kuishika, binti yake mkubwa akaandika huku yeye akisema. Hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba yeye ataisha kabla ya muhula.

Aliisoma mbele ya darasa tarehe 24 Novemba 2023, amekaa kwenye kiti, mumewe mlangoni. Alisema: "Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika hadithi hizi mgeni anakuja, mwenyeji anaugua. Hofu haiko kwenye meno. Iko kwenye neno karibu, kwa sababu ukishalitoa hulirudishi. Na mimi nimeishi kwa neno hilo. Mnyonya damu na mimi wote tulibisha hodi. Ila mimi nilisema nimefuata nini."

Mhadhiri akamuuliza, "Na aliyekukaribisha akijuta?"

"Ndiyo maana nilibaki pale na pamba, mwalimu. Yule wa kitabuni hana pamba."

Darasa lilicheka. Alifaulu. Shahada hakuimaliza, lakini somo hilo alilimaliza.

Hali ilibadilika Oktoba 2024, akalazwa. Jumapili tarehe 17 Novemba, dada yake alikuja na mkongojo wake. Hakuingia. Alisimama mlangoni pa wodi, akagonga kwa vidole viwili.

"Hodi."

Marehemu alifungua macho. "Karibu, dada. Leo umebisha."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Alifariki saa tisa alasiri, dada ameshika mkono wa kulia na mume wa kushoto.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na dada yake. Familia inawashukuru wauguzi wa chumba cha kusafishia damu, mhadhiri, na wanafunzi wenzake waliokuja leo kumzika Bibi yao.

Aliko sasa, mumewe anajua kwamba marehemu amesimama nje ya mlango, anasubiri kujibiwa. Ee Mungu, mkaribishe. Apumzike, amechoka.