Asali ya Inyonga

Basi la kwenda Tabora lilikuwa linakaribia Inyonga. Siti ya mbele yangu alikaa Dorice, binti anayekwenda Finland kusomea misitu. Jirani yake alikuwa mama mmoja ambaye asubuhi, pale stendi ya Mpanda, alimfukuza muuza asali akisema asali inampa kiungulia.

"Baba yuko porini wiki ya tatu, anarina asali," Dorice alimwambia. "Huko hakuna mtandao. Nimemwagiza mtu wa baiskeli amwambie aje Inyonga tuagane."

"Na asipokuja?"

"Nashuka, namsubiri."

"Wee mtoto! Na ndege ya kesho nayo itakusubiri? Unakaa huko Finland muda gani?"

"Miaka miwili."

"Basi utamkuta. Nyie wa siku hizi mnapenda kulia stendi."

"Mama, kama ujumbe haujamfikia, hajui kama safari imewahishwa. Atatoka porini na asali yangu, akute nimeondoka."

Mimi nilijifanya nasoma simu, ingawa nilikuwa nimeshaanza kumtafuta mzee huyo dirishani.

Inyonga, wauza asali walizunguka basi. Dorice alitoa kichwa nje, akatazama uso mmoja mmoja. Konda akagonga bati: "Twende!"

Dorice akashika begi lake. Mama akamrudisha kwenye siti kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akawaita wauzaji watatu.

"Konda, tulia," alisema, akinusa dumu la kwanza polepole sana. "Bado nachagua."