Sindano za Mheshimiwa

Macho hayana pazia, na masikio ya Savitri vivyo hivyo. Katika basi la kwenda Bengaluru, India, mbele yake bibi aliyepakata kopo la bati alikuwa akimweleza bwana aliyeketi kando yake kwamba mwanawe, mjumbe wa bunge la jimbo, yuko hotelini siku ya tano. Chama kimewafungia wajumbe wake wote na kuwanyang'anya simu mpaka kura ya kesho bungeni.

"Wanafichwa wasinunuliwe, bibi," akasema yule bwana. "Wana bwawa, wana kuku. Natamani nami nitekwe hivyo."

"Mwanangu ana kisukari. Sindano alizisahau kwangu, nimezilaza humu kwenye barafu."

"Si hotelini kuna daktari?"

"Atamwambiaje? Chama hakijui. Kikijua ni mgonjwa, uchaguzi ujao hakimsimamishi. Kwenye hafla husingizia mfungo asile vitamu."

Kufunga kote huko na mungu hana habari, Savitri aliwaza.

"Basi getini utasema umebeba nini?"

Bibi alikaza mfuniko wa kopo. Basi lilisimama mbele ya hoteli, akashuka polepole, kopo likidondosha maji. Askari wa getini alilinyooshea kidole, akauliza lina nini. Basi liliondoka bibi akiwa amelikumbatia kopo kifuani.