Vanishi Haijakauka

Mniwie radhi jamani, kusimulia sijui. Kisa hiki nitakisimamisha kombo. Kikiyumba, kiwekeeni kipande cha boksi chini ya mguu. Kijiwe chenyewe kiko mkabala na kituo cha afya cha mtaa. Hapo Msumari, fundi seremala, aliweka benchi refu la mbao ngumu miezi miwili nyuma, eti vanishi ikauke. Ikakauka, watu wakanogewa. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa katikati, mguu wa kushoto ameunyoosha kama si wake. Alijikata kidole gumba cha mguu huo na patasi, akaziba jeraha kwa gundi na vumbi la mbao, kama azibavyo ufa wa kabati. Sasa kidole kilikuwa cheusi, na mkewe alikuwa ameshasema: bila cheti cha daktari, usirudi.

— Umekwenda? aliuliza Spika, kinyozi anayenyoa kidogo na kusema sana, huku akimimina kahawa.

— Nimekwenda, nimegeuza. Kituo gani kile! Watu wamesimama ukutani kama nguo zilizoanikwa. Hakuna hata pa kuweka makalio! Na mguu huu nisimame foleni?

— Matibabu ya bei nafuu, ulitaka sofa? Dawa zenyewe chaki tupu. Mimi nilimeza mbili, nikatamani kuandika ubaoni.

— Afadhali chaki, alidakia Mstaafu, karani wa zamani asiyeamini kitu kisicho na muhuri. Ile mashine ya presha mnaijua? Wanakufunga mkono, wanapuliza, mshale unapanda. Pale wanapima kura yako!

— Toka hapa!

— Shemeji yangu walimpima mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa hajaamua.

— Na yule daktari wao, mtoto kabisa, alisema Spika. Hana hata ndevu za kunipa kazi.

Msumari alicheka mpaka maumivu yakampanda gotini, jasho likamtoka. Kukanyaga ubao wakati wa kupiga msumeno, fundi hutumia mguu huo huo wa kushoto. Ukikatwa je?

— Bora ufie kijiweni kwa heshima, Spika alimfariji.

Hapo nesi akavuka barabara, faili kwapani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, wakajibu kwa mpigo.

— Fundi, samahani kukusumbua. Lile benchi la wagonjwa tulilokupa ulitengeneze mguu, vanishi bado tu haijakauka?

Spika akamimina kahawa nje ya kikombe. Mstaafu akainuka nusu, akachungulia nyuma yake. Maandishi mekundu: CHUMBA CHA KUSUBIRI. Mtu wa nyaraka, miezi miwili ameyaegemea asiyasome!

— Lilikuwa... linapoa, alisema Msumari.

Macho ya nesi yalikuwa yameshatua kwenye mguu wa fundi.

— Vua kiatu.

Akavua. Safari hii hakuna aliyecheka.

— Bebeni, nesi aliwaambia wale wawili.

— Benchi?

— Vyote.

Wakavuka, Spika mbele, Mstaafu nyuma, Msumari juu kama bwana harusi aliyekataliwa. Ukumbini wagonjwa wakapisha, benchi likatuliwa, mama mmoja mjamzito akashukuru Mungu na kuketi kando ya Msumari. Papo hapo benchi likayumba, nusura limmwage.

— Fundi gani huyu wa ovyo! akafoka Msumari. Hata mguu mmoja tu unamshinda?

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama.

Daktari asiye na ndevu aliondoa kidole, mguu akauokoa. Alisema siku mbili zaidi na mguu nao ungeondoka. Benchi lile linayumba hadi leo. Mkipita pale msimlaumu nesi. Na mkikutana na Msumari, ambaye hutembea akichechemea kidogo, mwacheni amalize kuwasimulia kana kwamba ni kisa cha mtu mwingine, kama mlivyoniacha mimi.