Breki za Gari la Mkate

Benchi la Benta, muuza kahawa, lilitazamana na mashine ya kusaga unga, pale Migori ambapo barabara huanza kuteremka kwenda darajani. Ukinunua kikombe kimoja cha kahawa, ulipata ruhusa ya kusema uongo mpaka adhuhuri. Bama hakukosa hata siku moja. Jina lake hasa ni Gisiri, ila aliendesha lori la jeshi kule Burma wakati wa vita, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau hilo. Pembeni yake huketi Kengele, yaani Nicodemus, aliyekuwa akipiga kengele kwenye mgodi wa dhahabu hadi ulipofungwa. Jumapili hiyo asubuhi aliwajia Ongeri, mwoka mikate, waliyemwita Mkate. Ongeri ni Msabato, kahawa haigusi, na benchi kwa kawaida hulipita tu. Siku hiyo alikuja mbio, shati limeloa jasho.

Mkewe Bosibori alishikwa na uchungu tangu alfajiri, na mkunga alikuwa ametoka chumbani akisema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali. Mtoto wao wa kwanza walimzika mwaka uliopita. Ongeri hakuwa na moyo wa kuzika tena.

Hospitali iko ng'ambo ya mto, na gari lililokuwepo ni lake la mkate, lile la betri alilolinunua mgodi ulipouza vyombo vyake. Halina injini wala moshi. Hutembea kimya hadi mbwa hushtuka, na betri zake huchajiwa hapo mashineni. Alipolitoa uani asubuhi hiyo na kukanyaga breki, lilisaga, chuma kwa chuma, sauti ya kuumiza meno. Kisha likapitiliza mahali pa kusimama na kuangusha ua wa jirani. Mteremko wa darajani nao si wa kuchezea.

— Ndugu zangu, breki inasaga na mke wangu yuko hali mbaya, alisema Ongeri. Nifanye nini?

— Imeanza lini? aliuliza Bama, bila kuweka kikombe chini.

— Leo. Ijumaa ilikuwa sawa. Jioni nikaiosha kule mtoni, nikaiweka. Jana ilikuwa Sabato, haikutoka.

— Omera, ndugu yangu, hata gari umebatiza, alisema Kengele. Inashika Sabato kushinda wewe.

Siku nyingine Ongeri angecheka. Sasa alisimama tu, akingoja watu wawili waliojua magari kuliko yeye wamwambie neno la kumsaidia.

Bama alitoa lake kwanza. Mafuta ya breki yamechoka, alisema, na kule Burma wao walikuwa wakitia uji wa mchele, lori linasimama papo hapo. Benta aliuliza huo uji ulipikwa na nani vitani. Bama akajifanya hakusikia.

— Wacha uji, alisema Kengele. Ni stima, umeme wa betri. Gari ingine moto inatoka na moshi. Hii haina moshi, sasa moto itatokea wapi? Inashuka kwa magurudumu, inakula chuma.

— Stima haina meno, bwana, alisema Bama. Hii gari ilizoea giza ya mgodi. Ikiona mteremko inafikiri inarudishwa shimoni, inakataa. Funga taa na kitambaa, utaona.

Kengele alishusha sauti.

— Kuna mtu alifia huko chini, na hawakumtoa mzima. Hiyo unasikia si breki. Ni yeye ameshika gurudumu.

Kutoka upande wa nyumba ya Ongeri mlio wa mwanamke ulisikika, mrefu, kisha ukakatika. Alijichukia kwa kusimama hapo, na bado hakuondoka.

— Lakini itashuka tu, alisema Bama haraka. Enda pole pole.

— Itashuka, alikubali Kengele. Hiyo ni kelele tu.

Hapo ndipo alipofika Phelesia, mama yake Bosibori, kanga imefungwa kiunoni. Kwa heshima ya mkwe hakumtazama Ongeri usoni. Alisema na benchi.

— Mnasema itashuka. Mimi napanda na mtoto wangu. Ni nani kati yenu anapanda na sisi?

Bama alichungulia ndani ya kikombe chake. Kengele akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Ongeri naye aibu ikampanda, kwa maana alijua alichofuata pale. Alitaka kuambiwa twende. Gurudumu lenyewe hakuwa amelifungua, wala wao hawakumwambia alifungue.

— Bama, spana iko wapi? aliuliza Ongeri.

— Iko nyumbani, lakini...

— Lete. Na jeki.

Walilivuta gari hadi mbele ya mashine. Ongeri alilegeza nati, akatoa gurudumu, akaigonga ngoma ya breki kwa jiwe mpaka ikaachia. Ukaanguka mchanga mbichi wa mtoni, na ndani chuma kilikuwa kimevaa kutu nyekundu. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Kila Ijumaa, kabla jua halijazama, Ongeri huliingiza gari majini hadi katikati ya magurudumu ili Sabato ilikute safi, kisha huliacha na maji yake, halisogei, hadi Jumapili. Aliliosha kwa heshima ya Mungu.

Kengele alichukua gunia akaanza kupangusa mchanga. Bama akasugua kutu kwa msasa kutoka mashineni, gurudumu baada ya gurudumu, na hakuitaja Burma. Bosibori aliletwa juu ya godoro, akalazwa nyuma panapokaa mikate. Ongeri alilijaribu gari hatua chache. Lilisaga kidogo, likapunguza mwendo, mara ya tatu likasimama alipotaka.

Phelesia alipanda kando ya mtoto wake, wala hakuuliza tena. Benta alimwaga kahawa yote iliyobaki juu ya makaa, akapanda kumshika Bosibori mgongo. Bama na Kengele walidandia nyuma, kila mmoja na jiwe la kuzuilia gurudumu.

Mteremkoni Ongeri alikanyaga breki, na gari likatii. Halikuwa na mlio wowote, na alisikia kila pumzi ya mkewe mpaka darajani.