Swali la Saba

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya duka la cherehani, na kahawa nauza mimi, kwa hiyo upuuzi wote wa pale naupata ungali wa moto. Wiki ile watu wa utafiti walikuwa wamegawa karatasi za maswali kwa wazazi wa mtaa mzima. Sentimita, fundi mwenye duka, alikuwa amejaza yake yote isipokuwa swali la saba: mwezi uliopita, umempiga mtoto wako mara ngapi?

— Andika sifuri, wenzako wote tumeandika sifuri, alisema Nusu Kilo, muuza nyama.

— Nilimchapa na rula ya mbao. Alikata kitambaa cha mteja.

— Ngapi?

— Nne. Sasa hiyo ni mara moja au mara nne?

— Mara moja! Mteja akichukua kilo nne, nimeuza mara nne?

— Na kofi je? nikachokoza.

— Kofi halimo. Kupiga ni mpaka ushike kitu.

— Ukishika ndala?

— Ndala ni vazi! Tena wangeuliza na uzito wa mtoto. Mtoto wa kilo arobaini, fimbo inasambaa mwilini, kila kilo inapata kidogo sana.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Sentimita hakucheka.

— Tangu siku ile binti yangu hata salamu ananitumia kupitia kwa mama yake. Inaniuma, jamani.

Dada wa utafiti akafika kukusanya karatasi. Alikaa, akaomba kahawa, akatusikiliza kidogo, kisha akamgeukia Nusu Kilo.

— Kaka, wewe baba yako alikupiga mara ngapi?

— Mara mbili tu. Ya pili ilikuwa Jumatano, kwa waya wa pasi. Nilivaa shati la kijani. Kifungo kimoja kiliruka kikaingia chini ya kabati.

— Na yeye, hiyo Jumatano anaikumbuka?

Nusu Kilo alizungusha kikombe mkononi.

— Nilimuuliza akiwa mgonjwa, kabla hajafariki. Akaniambia, mwanangu, mimi sijawahi kukugusa. Na hakuwa anadanganya.

Sentimita alichomoa penseli sikioni, akaitazama karatasi, akairudisha penseli palepale.

— Dada, niachie hii mpaka kesho, alisema. Ngoja nikamuulize binti mwenyewe.