Mzigo Ulioshushwa Bila Kushushwa

Kijiwe chenyewe ni ubao juu ya matairi mawili, mkabala na geti la stoo ya vifaa vya hospitali, na wanaokaa hapo hakuna wasichokijua duniani. Asubuhi hiyo Breki, dereva wa lori, alikuwa amefura. Barabara ile ni nyembamba, kila dereva hugeuzia ndani ya geti. Naye aliingia, akageuza, akatoka nje kungoja zamu. Kumbe mashine ya getini imeshasoma stika ya lori likiingia na likitoka, na kuandika: mzigo umepokelewa, umeshushwa. Mzigo wenyewe, nyuzi za kushonea wagonjwa, ungali ndani ya lori. Na dada yake Breki amelazwa, upasuaji wake umeahirishwa kwa kukosa nyuzi hizo hizo.

— Bonyeza, ndugu yangu, nifungulie geti nishushe.

Bonyeza, karani wa kompyuta pale stoo, alipuliza kahawa yake bila haraka.

— Ushushe mara ya pili? Mfumo unasema umeshashusha. Nikikupokea tena nitaambiwa nimepokea hewa.

— Hewa gani, na mzigo huo hapo nyuma yako?

— Breki, mfumo unaona kiwanda, unaona barabara, unaona stoo mpaka rafu za hospitali. Wewe unaona nini? Kioo cha mbele tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu siku hizi ndiyo kompyuta?

Winchi, mpakuzi mwenye mabega ya kubebea friji, aliinua kidole.

— Mimi nimeshaelewa. Malori ni mawili. Moja limeingia, moja limetoka. Lililoingia ndilo limeshushwa.

— Ulilishusha wewe?

— Mimi? Hata kidogo.

— Nani basi?

— Aa, hilo sasa ni la kitaalamu.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, — alidakia Shangazi, muuza kahawa. — Lori limetulia, basi mzigo ni mwema. Kunywa, mwanangu.

Breki hakunywa. Alisoma tena ujumbe wa dada yake kwenye simu: “Kaka, wanasema nyuzi hakuna. Si wewe ndiye unayezileta?”

— Agizeni zingine basi!

— Wapi! — alisema Bonyeza. — Kiwandani wakitazama wanaona stoo imeshiba. Mfumo haumpakulii aliyeshiba. Tena ngoja: jioni mfumo utaandika nyuzi zimefika wodini, kesho utaandika zimetumika. Inshallah, kwa mfumo, dada yako atakuwa keshashonwa.

— Ana bahati huyo! — alisema Winchi. — Kupona bila kuguswa na kisu!

Breki nusura amrushie kikombe. Hapo akatokea muuguzi mmoja wasiyemjua, anahema, sare imelowa jasho.

— Shikamooni. Nimetumwa nyuzi. Kompyuta yetu inaonyesha zipo stoo, tangu asubuhi tunangoja.

— Marahaba! — wakaitikia, kisha wote wakamweleza kwa mpigo: geti, stika, kiwanda, malori mawili. Muuguzi aligeuza shingo huku na huku.

— Mbona mimi naona lori moja? Nyuzi zimo humo?

— Zimo, — alisema Breki.

— Na ufunguo wa lori anao nani?

Bonyeza alirudia kupuliza kahawa yake. Winchi akachungulia ndani ya kikombe kitupu. Hata Shangazi, ambaye kwake neno halijawahi kukauka, alijifanya anachochea mkaa. Breki aliuhisi ufunguo mfukoni, umemchoma paja asubuhi nzima akiukalia. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Akainuka.

— Breki, — Bonyeza alisema kwa sauti ya chini, — ukifungua hapo, mfumo hautajua.

— Dada yangu atajua.

Alipofika nyuma ya lori, Winchi alikuwa keshakunja mikono ya shati.